Mchwa wa Bissil, Mbung'o wa Nguruman: Mhadhara kwa Wakazi wa Kitengela



Ukitoka hapa Kitengela ukaishika barabara ya Namanga, utaipita Isinya, utaupita mji wa Kajiado, kisha utafika Bissil. Sisi tunaijua Bissil kwa soko lake la mifugo. Wataalamu wa mchwa ulimwenguni wanaijua kwa jambo jingine: katika maandishi yao, Bissil ni jina la aina ya kichuguu. Mtafiti Johanna Darlington alichimba na kupima vichuguu vya nyanda hizi, akavilinganisha na vya Marigat kule Baringo. Mchwa wote aliwahesabu kuwa wa spishi moja, Macrotermes subhyalinus, lakini ujenzi wao ulitofautiana. Wa Marigat walijenga kichuguu chenye bomba moja kubwa lililo wazi. Wa Bissil walijenga kichuguu chenye matundu kadhaa, hewa ikiingilia huku na kutokea kule. Tangu alipochapisha matokeo hayo mwaka 1984, aina hizo mbili zimeitwa kwa majina ya mahali hapo pawili.

Nimeanzia Bissil kwa sababu kuna jambo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Wadudu wa kaunti yetu wamechunguzwa kwa undani ambao kaunti nyingi hazijaupata. Watu walikuja hapa wakachimba ardhi kwa subira, wakatega mbung'o vichakani, wakapima, wakaandika. Kisha maandishi yao yakaenda kukaa kwenye majarida ya Ulaya, na sisi tukaendelea kununua dawa za kupuliza madukani bila kujua kilichoandikwa kutuhusu. Leo nataka tuyasome pamoja baadhi ya hayo, halafu tuutazame mji huu wetu kwa macho hayo hayo.

Mwaka 1982 Darlington alitoa ripoti nyingine, safari hii kuhusu Macrotermes michaelseni, mchwa wa papa hapa Kajiado. Alizifuatilia njia za chini ya ardhi za kiota kimoja. Kimoja tu. Alikuta njia zenye jumla ya urefu wa kilomita 6 hivi, na vishimo vidogo vya akiba zaidi ya 70,000, vyote vikiwa chini ya eneo lisilotimia hekta moja. Usiku mchwa hutoka juu wakakata nyasi kavu, wakazitua haraka kwenye vishimo hivyo vilivyo karibu na uso wa ardhi, kisha wakazibeba kidogo kidogo hadi nyumbani. Kule nyumbani hawazili zikiwa nyasi. Huzitafuna na kuzigeuza kitalu cha kuoteshea kuvu, na kuvu ndiyo inayowasagia kile ambacho matumbo yao hayawezi kusaga. Uyoga mkubwa unaochipuka kichuguuni baada ya mvua ni tunda la shamba hilo.

Sasa mfikirieni mtu aliyenunua ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Kitengela. Ameleta tingatinga likakisawazisha kichuguu, amemwaga zege, amepandisha ukuta, na mwaka wa pili anakuta fremu ya mlango imeliwa ndani ikabaki ganda. Husema mchwa wamerudi. Hawakwenda popote. Chumba cha malkia hukaa chini, ambako tingatinga mara nyingi halifiki, na malkia aliye hai hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Isitoshe, ploti yake ni ndogo kuliko eneo ambalo kiota kimoja hulitafutia chakula. Inawezekana kabisa kwamba mchwa wanaokula mlango wake wanaishi kwa jirani, ng'ambo ya ukuta, na kwamba dawa aliyomwaga kuzunguka nyumba yake imeua wasafiri tu. Ndiyo maana watu wanne wa mtaa mmoja wakikubaliana kukitafuta kiota na kumtoa malkia watapata faida kubwa kuliko watu wanne wanaopuliza kila mtu upande wake.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani mchwa ni adui na basi. Mfaransa Michel Lepage alichapisha mwaka 1981 uchunguzi mrefu kuhusu mchwa hao hao wa Kajiado na kiasi cha nyasi wanachovuna. Swali lake lilikuwa lile ambalo mfugaji yeyote angeuliza: je, mchwa anamnyang'anya ng'ombe? Katika mwaka wa mvua nzuri, mchwa huchukua nyasi zilizokauka na kuanguka, ambazo ng'ombe hazitamani, na kuzirudisha udongoni kama rutuba. Mkiona nyasi za kijani zaidi kuzunguka kichuguu, mnaona matokeo ya kazi hiyo. Ugomvi huanza ardhi inapochoka. Mifugo ikizidi, mvua ikakosekana, nyasi zikabaki chache, mchwa bado wana mamilioni ya midomo ya kulisha, nao hukata zile zile chache ambazo ng'ombe anazitegemea. Mfugaji anayeona ardhi tupu na mchwa wakitembea juu yake huwalaumu mchwa. Mara nyingi wao ndio waliobaki mahali pa tukio, na sababu ilitangulia zamani, kwenye namna tulivyolisha na tulivyogawanya ardhi.

Hapo ndipo msingi wa fikra yangu ya leo ulipo. Mdudu huwa yule yule. Kinachobadilika ni namna sisi tunavyokaa, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua kama atatufaa au atatuumiza.

Utafiti huu haukuja Kajiado kwa bahati. Ulikuja kwa sababu ya mtu mmoja ambaye jina lake lingefaa kujulikana na kila mtoto wa shule nchini. Thomas Risley Odhiambo alizaliwa mwaka 1931, akasoma Makerere, akafanya kazi ya wadudu katika idara ya kilimo Uganda, kisha akaenda Cambridge akawa mwanafunzi wa Vincent Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu wa wakati ule. Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi Nairobi kufundisha chuo kikuu, na mwaka 1967 akaandika katika jarida la Science akidai kwamba Afrika Mashariki inahitaji vituo vichache vya utafiti vya hali ya juu kabisa, vilivyojengwa juu ya matatizo ya hapa. Mwaka 1970 kituo hicho kikaanza: Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, tunachokiita icipe, ambacho makao yake yapo Kasarani, mahali palipopewa jina Duduville. Odhiambo aliamini kwamba mdudu wa Afrika hawezi kushindwa kwa dawa iliyobuniwa kwa ajili ya mdudu wa mahali pengine. Alifariki mwaka 2003. Kazi ambayo naona inaonyesha imani yake vizuri kuliko zote ilifanyika ndani ya kaunti yetu, kule Nguruman.

Wale ambao hawajafika: ni magharibi, ukishuka Magadi, ukavuka Ewaso Ng'iro, ukafika chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kuna maji yanayoteremka kutoka mlimani, kuna miti, kuna mashamba ya matunda na mboga. Na kuna mbung'o. Mfugaji wa Kimaasai amemjua mbung'o muda mrefu kuliko mtaalamu yeyote. Alijua ni vichaka gani vya kuepuka na ni msimu gani wa kupita. Alijua kwamba moto na malisho hufukuza vichaka, na vichaka vikiondoka mbung'o huondoka. Mwanasayansi John Ford, aliyefanya kazi Afrika miaka mingi, aliandika kitabu mwaka 1971 akieleza kwamba maarifa ya aina hiyo yaliwawezesha Waafrika kuishi na mbung'o karne nyingi, na kwamba uwiano ulivunjika mwishoni mwa karne ya 19. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 iliua mifugo kwa wingi usio na mfano. Wamaasai huzikumbuka zama hizo kwa jina Emutai. Ng'ombe walipokwisha na watu wakapungua kwa njaa na ndui, vichaka vikasonga mbele kwenye malisho, wanyama wa porini wakaongezeka tena, na mbung'o wakafuata. Sehemu kubwa ya kile ambacho serikali za kikoloni zilikikuta na kukiita pori la asili la mbung'o kilikuwa mabaki ya msiba.

Katika miaka ya 1980 icipe ilipeleka watafiti Nguruman, wakiongozwa na Robert Brightwell na Robert Dransfield. Adui alikuwa Glossina pallidipes, mbung'o anayeeneza nagana, ugonjwa unaomkondesha ng'ombe, kumkausha maziwa na hatimaye kumwangusha. Kumpulizia mbung'o dawa kwa ndege kulikuwa ghali na kungeua viumbe wengine pia. Watafiti wakamtazama mbung'o mwenyewe: anazaaje?

Naomba tukae kidogo kwenye swali hilo, maana ndilo lenye ufunguo. Mbu jike hutaga mayai kwa makumi na mamia, na nzi wa jikoni vivyo hivyo. Mbung'o jike hatagi kabisa. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha humo humo kwa maziwa yanayotoka mwilini mwake, na baada ya siku 9 au 10 hivi humzaa akiwa ameshakua. Buu hujichimbia udongoni, huwa pupa, na baada ya mwezi hivi hutoka akiwa mbung'o kamili. Mama huzaa mmoja mmoja hivyo maisha yake yote, na maisha yenyewe ni mafupi. Kwa hiyo uzazi wake ni mdogo sana. Hesabu za wataalamu zinaonyesha kwamba ukiua majike asilimia 3 au 4 tu kila siku, bila kuacha, idadi yao huporomoka. Kwa mbu hesabu hiyo haifai kitu. Kwa mbung'o inatosha kumwangamiza.

Ndipo ukabuniwa mtego wa NGU, uliopewa herufi za mwanzo za Nguruman. Ni kitambaa cha buluu na kitambaa cheusi, wavu, vijiti na mfuko wa plastiki juu. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, weusi humshawishi atue, na akitaka kuondoka hupanda kuelekea kwenye mwanga, akaingia mfukoni, na jua likammaliza. Hakuna tone la sumu. Kando ya mtego huwekwa chombo chenye asetoni na kingine chenye mkojo wa ng'ombe uliokaa siku kadhaa. Utafiti wa Zimbabwe ulikuwa umeshaonyesha nguvu ya asetoni, na mtafiti wa icipe, Owaga, alikuwa ameonyesha jinsi mkojo wa nyati unavyomvuta mbung'o huyu. Mkojo wa ng'ombe una harufu za aina hiyo hiyo na hapa hauhitaji kununuliwa. Mtego ulirahisishwa mara kadhaa, toleo baada ya toleo, kwa kusudi moja: mfugaji aweze kuushona mwenyewe.

Mwaka 1987 mitego ilisambazwa katika eneo la kama kilomita za mraba 100. Idadi ya mbung'o ikashuka kwa zaidi ya asilimia 95 ikilinganishwa na sehemu zisizokuwa na mitego. Nawaomba mlipime hilo vizuri. Vitambaa, mkojo na ujuzi wa namna mama mmoja anavyozaa vilifanya kile ambacho mapipa ya dawa yalishindwa kufanya sehemu nyingi za bara hili.

Na bado leo mbung'o wapo Nguruman. Nini kiliteleza? Sayansi haikukosea. Wakati wa mvua mbung'o waliingia upya kutoka maeneo jirani yasiyo na mitego, kwa hiyo mitego ilihitaji kubaki imesimama mwaka hadi mwaka. Kitambaa hupauka na kuchanika, chombo cha harufu hukauka, mnyama hupita akaangusha vijiti. Kazi hiyo ni ndogo kila siku na haiishi. Jamii ilishirikishwa na ikajitolea, lakini faida ya mtego ni ya wote, hata ya yule asiyeshona wala kulinda, na mzigo ni wa wachache. Mradi ukiishiwa fedha, wachache hao huchoka. Watafiti walirudi kule katika miaka ya 2000 na jaribio jingine, la kumvisha ng'ombe kola yenye harufu ya kemikali inayomfukuza mbung'o, Nguruman na vilevile Narok. Kinga iliyopatikana ilikuwa hafifu mno kumshawishi mfugaji kuigharamia. Wataalamu hawakukata tamaa. Walijiuliza kwa nini mbung'o humwacha kuro, ambaye hula mahali pamoja na nyati, wakachanganya harufu za kuro zikawekwa kwenye kola, na majaribio ya Shimba Hills, Kwale, yaliyochapishwa mwaka 2017, yakapunguza ugonjwa kwa zaidi ya asilimia 80. Nafurahi kwa ajili ya watu wa Kwale. Ila nauliza: kola zitakapofika Kajiado, nani atakayejaza harufu mwaka wa nne, wafadhili wakishaondoka?

Sasa turudi nyumbani.

Kitengela ilikuwa uwanda wa nyasi. Nyumbu na pundamilia walitoka katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi wakati wa mvua wakaja kulisha huku, pamoja na ng'ombe. Mbawakawa wa samadi walikuwa na kazi kila siku, ya kumaliza mavi ambamo nzi huzaliana. Kule Tsavo, Anderson na Coe waliandika mwaka 1974 jinsi mbawakawa wapatao 16,000 walivyovamia rundo moja la mavi ya ndovu la kilo moja na nusu wakalimaliza kwa saa mbili. Australia, iliyokuwa na ng'ombe wengi bila mbawakawa wa kuwafaa, ilijaa nzi hadi mtaalamu George Bornemissza akaanzisha mpango wa kupeleka mbawakawa kutoka Afrika katika miaka ya 1960. Sisi tulio nao huwapoteza bila kujua: baadhi ya dawa za minyoo, ivermectin mojawapo, hutoka na kinyesi cha ng'ombe na kuua mabuu yao. Mfugaji anayechoma sindano kundi zima kila mara, hata ng'ombe wasio na minyoo, anajiongezea nzi.

Kisha likaja eneo la viwanda vya kuuza nje pale Athi River katika miaka ya 1990, wafanyakazi wakahitaji nyumba, ardhi ikakatwa ploti, na mji ukamea kwa kasi ambayo mabomba ya maji na ya majitaka hayakuweza kuifuata. Tukaweka matangi juu ya nyumba na mashimo ya majitaka chini yake. Kwa macho ya mdudu, tuliondoa nchi moja tukaleta nyingine.

Chini ya taa za barabarani hapa, mvua za Aprili zinapoanza, mtawaona watu wa magharibi mwa Kenya wakikusanya kumbikumbi kwenye beseni, na nawasifu, kwa kuwa ni chakula bora chenye mafuta na protini na hakiombi hata senti. Taa hiyo hiyo humvuta Nairobi fly, mbawakawa mwembamba mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi. Haumi wala hachomi. Ukimponda shingoni, umajimaji wake wenye sumu iitwayo pederini huunguza ngozi, na malengelenge hutokea siku ya pili. Sumu hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mbawakawa jike. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 walifurika Nairobi. Dawa yake ni kumpuliza kwa pumzi au kumwondoa kwa karatasi, na ikiwa ameshapondeka, kuosha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni. Shambani hula wadudu waharibifu, kwa hiyo hana haja ya kuuawa. Kuzima taa ya nje usiku kunatosha.

Nzi nao. Katika vijiji vya kaunti hii bado kuna trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha taratibu. Nzi anayetua kwenye macho ya watoto, Musca sorbens, hupenda kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa nje, na hazaliani vizuri ndani ya shimo la choo. Utafiti wa Gambia uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kujenga vyoo peke yake kulipunguza nzi machoni mwa watoto kwa kama asilimia 30. Kwa hiyo anayemjengea jirani choo anakinga macho ya mtoto wake mwenyewe.

Homa ya Bonde la Ufa inahitaji maneno zaidi. Virusi vyake vilitambuliwa Naivasha na kuelezwa mwaka 1931 na Daubney, Hudson na Garnham. Kwa miaka mingi haikujulikana vilikojificha kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Jibu lilipatikana kwenye mabonde madogo yanayotuama maji: mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye udongo, mayai yakakaa makavu kwa miaka, na mbu wakaanguliwa wakiwa tayari na virusi siku mafuriko yanapofika. Kundi la Kenneth Linthicum lilithibitisha hilo humu Kenya mwaka 1985. Tangu hapo, joto la Bahari ya Hindi na mvua nyingi vimetumika kutabiri mlipuko, na tahadhari ilitolewa kabla ya ule wa 2006 na 2007, ambao ulifika hadi Kajiado na kuua watu zaidi ya 150 nchini. Tahadhari ilikuwepo. Chanjo za mifugo zilichelewa. Udongo wetu mweusi hutuama maji kila masika, kwa hiyo utabiri wa El Niño ukitangazwa, mfugaji wa Kajiado anastahili kuona chanjo kabla ya kuona mbu.

Nimalizie na matangi na mashimo.

Mbu wanaotunyima usingizi hapa mjini wengi ni Culex, wanaozaliana kwenye majitaka. Watu hufukiza, hupuliza, hununua dawa za umeme, huku shimo lililo nyuma ya nyumba likitoa mbu wapya kila jioni kupitia bomba la hewa lisilo na wavu. Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, Christopher Curtis na Caroline Maxwell walimwaga vipunje vya plastiki nyepesi, ile inayofungiwa televisheni mpya ndani ya katoni, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Vipunje vilielea vikafanya tandiko. Buu wa mbu hupumua kwa kugusa uso wa maji, na hapo hakuweza kuugusa. Mbu wakapungua sana, na pamoja na dawa waliyopewa watu, vimelea vya matende navyo vikashuka. Ni maarifa yale yale ya Nguruman, ya kumtafuta mdudu mahali anapoweza kushikwa. Mbung'o hushikwa akiwa mzima, kwa kuwa huzaa mmoja mmoja. Mbu hushikwa akiwa buu, kwa kuwa mabuu wote wamefungwa kwenye maji yale yale.

Kwenye tangi la maji safi la juu hatari ni nyingine, nayo inakuja. Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa Asia ya Kusini na Uarabuni, alionekana Djibouti mwaka 2012, kisha Ethiopia, na mapema mwaka 2023 wataalamu wetu walitangaza kwamba wamempata Marsabit. Anopheles wetu wa kawaida hupenda madimbwi ya mashambani. Huyu hupenda mji: matangi, mapipa na visima vya ujenzi. Djibouti ilikuwa na wagonjwa wa malaria wasiofika 30 mwaka 2012, na mwaka 2020 walizidi 70,000. Kitengela imejizoesha kuhesabu malaria kuwa ugonjwa wa Kisumu au wa pwani. Mji wa matangi, uliokaa kando ya barabara kuu ya kwenda Tanzania na karibu na ile ya Mombasa, hauwezi kuendelea kuhesabu hivyo.

Kumtambua hakuhitaji shahada. Mbu humaliza safari ya kutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja hadi mbili, kwa hiyo panda kwenye tangi lako kila wiki ukiwa na tochi. Buu wa Culex huning'inia kichwa chini, mkia wenye bomba la kupumulia ukigusa uso wa maji. Buu wa Anopheles hana bomba hilo, hulala sambamba na uso wa maji. Ukimwona aliyelala hivyo ndani ya tangi lako, mchote kwa kikombe cheupe, mtie chupani, andika tarehe na mtaa. Kisha funika tangi kwa wavu mdogo usiopitisha mbu, pamoja na bomba la kumwagia maji yaliyofurika.

Tangu mwaka 2013 afya, kilimo na mifugo ni kazi za kaunti. Naomba Kajiado iajiri mtaalamu wa wadudu mwenye ofisi na darubini hapa Kitengela, wa kudumu, si wa mradi, na shule zetu za sekondari ziwe macho yake mitaani. Hadi hapo, mkazi mwenye chupa yake yenye buu, tarehe na jina la mtaa, aipeleke mlango gani? Wawakilishi wetu wa kaunti ni jirani zetu. Tuwaulize swali hilo, na wasituache bila jibu.